Kidude Kilichosema Mama Amelala

Mtu akikuambia kwamba jana jioni ulikuwa umekaa tu, na wewe mabega bado yanauma kwa sababu ya mitungi ya maji, utamjibu nini? Mimi nilicheka kwanza. Halafu nikakasirika, na hiyo hasira bado niko nayo.

Ilianza mwaka jana nikiwa kidato cha pili. Dada mmoja wa chuo kikuu alikuja shuleni kwetu hapa Noonkopir, akitafuta wanafunzi ambao wangevaa kidude kiunoni wiki nzima, kila mmoja pamoja na mzazi wake. Kidude kilikuwa kidogo kama kiberiti, kimefungwa kwa mkanda wa lastiki. Kinasoma mtikisiko wa mwili, kisha kinaandika: huyu anatembea, huyu amekaa, huyu amelala. Dada alisema hatupimwi sisi, kinachopimwa ni hicho kidude. Kilitengenezewa watu wa ng'ambo, na watafiti wa chuo walitaka kujua kama huku Kajiado kitasema ukweli.

Niliinua mkono kabla hajamaliza.

Sababu yangu ilikuwa maji. Kwetu mfereji upo, ila kazi yake ni kutoa upepo. Kwa hiyo kila siku nikitoka shule nachukua baiskeli nyeusi ya marehemu babu, nafunga mitungi miwili kwenye keria ya nyuma kwa blada, ule mpira wa tairi, naenda mpaka kisimani, narudi, naenda tena. Safari tatu. Wenzangu wakati huo wamebaki prepu, masomo ya jioni, mwalimu anarudia nao hesabu. Mimi hesabu ilikuwa imenishinda wazi, na mwalimu alishasema nikifeli tena narudia kidato. Nilimwomba mama mara ngapi atuitishie maji ya mkokoteni wa punda.

"Punda ni wa watu wagonjwa," mama alikuwa akijibu. "Wewe ni mvivu tu, na uvivu hauna dawa."

Sasa nikamwambia, "Mama, kuna mashine. Ikisema nafanya kazi nzito, utaniachilia niende prepu?"

Mama anauza mandazi kando ya barabara, na anaheshimu sana kitu chochote kilichoandikwa na kompyuta. Akafikiria. "Ikisema hivyo, punda atakuja. Ikisema umekaa, sitaki kusikia tena neno prepu kwa hii nyumba."

"Sawa."

"Sawa ya kweli?"

"Ya kweli, mama."

Wiki hiyo niliendesha baiskeli kama nafukuzwa. Darasani waliniuliza kama hicho ni kipimo cha sukari, nikawaambia ni cha kupima ujinga wa jirani. Mama naye alivaa chake chini ya leso, akakikumbatia kwa mkono kila akipita mtu asiyemjua.

Dada akarudi na karatasi. Hakutaka kutuonyesha, lakini mama alimwambia chai ya bure bila karatasi haipo.

Akaanza na yangu. Asubuhi, kutembea kwenda shule: sawa. Jumapili kati ya saa nne na saa sita: usingizi. Hapo nikainamia chai yangu, maana saa hizo nilikuwa kanisani. Halafu jioni, saa kumi mpaka saa kumi na mbili, siku zote tano: amekaa.

"Amekaa!" mama akapiga makofi. "Si nilisema?"

"Nilikuwa kwa baiskeli!"

"Ulikuwa umekaa kwa baiskeli. Mashine imeona."

Nikamgeukia dada. Akakuna kichwa, akaeleza kwamba ukiendesha baiskeli kiuno hakitikisiki, kwa hiyo kidude hakioni miguu, wala hakijui uzito wa mitungi. Yaani chombo cha kupima kazi, na ile kazi yenyewe hakiioni! Ni kama kumtuma mtu sokoni akiwa amefungwa macho, halafu umuulize bei ya nyanya.

"Soma yangu," mama akasema, amekaa vizuri sasa, kama anangoja zawadi.

Dada akasoma polepole. Saa kumi na moja alfajiri mpaka saa moja, wakati mama anakanda unga: amelala. Saa moja mpaka saa saba, wakati amesimama mbele ya karai: amekaa, amelala kidogo, amekaa.

"Nani amelala?" mama akauliza. "Mimi? Na hiyo mandazi unakula imekandwa na nani, malaika?"

Dada akaweka mandazi chini.

Nilijua nimeshinda. "Basi mama, kama inadanganya kwako, hata kwangu inadanganya. Punda aje."

"Tulipatana mashine ikisema. Mashine ni mwongo. Mapatano ya mwongo yamekufa. Chukua baiskeli."

Niambie wewe, huyo utamshtaki wapi?

Aliyeniokoa ni dada. Alisema ndiyo maana kuna sehemu ya pili ya utafiti: yeye mwenyewe angetufuata na saa na daftari, aandike kila dakika kile anachoona kwa macho, kisha walinganishe na kidude. Mama akakubali mara moja. "Andika yote," akamwambia. "Usimhurumie, na mimi usinihurumie."

Dada akaazima baiskeli, akanifuata siku mbili. Kisimani, mama mzee wa Kimaasai anayeuza maji, ambaye sote tunamwita yeyo, yaani mama, alimtazama akiandika, kisha akanisalimia kwa Kimaasai.

"Sopa, msichana. Umeiba nini?"

"Ipa, yeyo. Sijaiba, napimwa."

"Unapimwa na askari?" Foleni yote ikacheka.

Siku ya tatu dada alishinda kibandani kwa mama. Jioni akamsomea daftari. Amesimama, anakanda. Amesimama, anageuza mandazi. Ameinua karai. Amesimama. Kurasa nne. Mama alisikiliza akiangalia miguu yake, akavua viatu taratibu.

Kisha zamu yangu. Anaendesha, mzigo mzito. Anasukuma, kilima. Anaendesha. Na baadaye: dakika ishirini na tano, amekaa kwa fundi wa baiskeli, anacheza drafti.

Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba macho ya mtu huona kila kitu.

"Fundi alikuwa anaziba pancha," nikasema.

"Hakukuwa na pancha," dada akasema. Msaliti.

Mama akavuta kiti. Nikangoja matusi, hayakuja. "Mzigo mzito umeandikwa mara ngapi?" akauliza, na dada akamhesabia.

"Jumatatu mpaka Jumatano, punda," mama akasema mwishowe. "Alhamisi na Ijumaa ni wewe, kwa sababu ya hiyo drafti. Na ukifeli hesabu, utavaa hako kamashine mpaka uolewe."

Jumatatu nikabaki prepu. Saa mbili nzima nimeinamia dawati, hesabu moja tu ya pembetatu, na jibu sikulipata.