Kichuguu Katika Swali la Nne

Siku ya kwanza niliporipoti kwenye shule ya kata upande wa Busunzu, Kibondo, mwishoni mwa mwaka 2012, nikiwa nimebakiza miaka mitatu nistaafu, sikukaa kwenye kiti nilichopewa. Mkuu wa Shule alinivutia kiti, akaniagizia chai, akaanza kunieleza mgawanyo wa vipindi. Mimi nikawa nimesimama dirishani natazama wanafunzi wakifyeka nyasi uwanjani. "Madamu, karibu ukae," akarudia. Nikamwambia nimekaa vya kutosha kwenye treni na kwenye basi. Haukuwa uongo. Nilikuwa nimetoka kwetu Singida, nikashukia Kigoma kuchukua barua ya kituo, na kuanzia Kasulu basi letu lilipishana na mabasi ya wakimbizi wa kambi ya Mtabila wanaorudishwa Burundi, kila mara tukisimama pembeni hadi vumbi litulie. Lakini ukweli ni kwamba mimi sikuumbwa kukaa. Wanafunzi waligundua mapema wakanibatiza Kiguu na Njia, nami nikajifanya sijasikia.

Nawaandikia ninyi mnaoanza kufundisha ushairi leo, mlioniuliza ilikuwaje. Ilikuwa kazi ya kunichosha roho. Nilipewa Kiswahili cha kidato cha kwanza na cha pili, watoto ambao nyumbani wanasema Kiha na Kiswahili wanakivaa pamoja na sare. Mada iliyowatoa jasho ilikuwa lugha ya picha. Tashibiha waliiweza, maana ina neno la kulinganisha: fulani ni kama simba. Shida ilianza kwenye sitiari, pale neno "kama" linapoondolewa na fulani anakuwa simba moja kwa moja. Wao walikuwa wamekariri majibu. Simba ni nini? Darasa zima: "Ushujaaa!" Giza ni nini? "Ujingaaa!" Nikauliza nani amewahi kumwona simba. Hakuna aliyenyoosha mkono. Nikauliza nani amewahi kuliona giza. Wakacheka, wakaangaliana, na mmoja nyuma akasema giza ni zuri kwa kuwa ng'ombe wanatulia. Nilitamani kumkumbatia. Wenzake walimzomea kwa kuwa jibu lake halikuwa la kitabuni.

Basi nikaanza kuwatoa nje. Nilitaka kabla ya kuniambia picha ina maana gani, mwanafunzi aniambie kwanza kile kitu alikiona wapi na kilikuwaje. Tukaenda kwenye tanuri za matofali, kwenye mizinga ya nyuki, kwenye madimbwi wanakovundika mihogo. Mkuu wa Shule alinikuta siku moja tunarudi na viatu vimejaa tope.

"Madamu, hawa watoto wanatembea tu. Mtihani watafanya lini?"

"Wakishaona, watafanya."

"Msahihishaji hataki walichokiona. Anataka kilichoandikwa kwenye mwongozo wake."

Nilimwona mtu mzito, asiyeelewa. Nilikuwa na mdomo mwepesi, nikamwambia hivyo hivyo, akanipisha nipite kwa upole ambao uliniudhi zaidi.

Asubuhi moja, baada ya mvua kubwa ya kwanza, niliingia darasani nikakuta nusu ya madawati tupu. Nikapandwa na hasira. Niliwachukua waliokuwepo tukawafuate watoro, na tukawakuta mashambani, kila mmoja kwenye kichuguu chake, na vyungu na ndoo, vichuguu vimefunikwa majani ya migomba. Walikuwa wanavuna kumbikumbi, ambao wenyewe huwaita iswa. Kijana mmoja alinipa konzi ya waliokaangwa, wa moto, wana chumvi. Nikanyoosha mkono nichukue wengine mwenyewe kwenye kichuguu cha pili.

"Hapana, Madamu! Hicho si chetu. Ni cha kina Anania."

"Kichuguu nacho kina mwenyewe?"

"Babu yake alimwachia baba yake. Ukichota bila kuomba ni kesi, wazee wanakaa."

Kwetu kichuguu ni usumbufu wa jembe na maskani ya nyoka. Nilirudi shuleni nikiwa nimesahau kabisa kuwaadhibu.

Mwanzoni mwa 2014 nilihamishiwa Kasulu, shule nyingine ya kata, kule Nyakitonto. Uhamisho niliuomba mwenyewe, bila sababu ya maana zaidi ya kuchoka kuona kilima kile kile kila asubuhi. Mkuu wa Shule wa huko alikuwa mwanamama mcheshi, Mkatoliki wa Bukoba, aliyenipokea kwa kuniambia, "Sifa zako zimetangulia. Huku ukitoka na darasa, niage kwanza."

Huko ndiko nilikomkuta Odetha. Alikuwa anarudia kidato cha pili. Siku zile aliyeshindwa mtihani wa taifa wa kidato cha pili alirudia mwaka, na akishindwa tena safari yake imeishia hapo. Alikuwa mwembamba, mkimya, mwenye mwandiko mdogo, na mtu ungesema amezubaa mpaka usome alichoandika. Nilipofundisha tashihisi, yaani kukipa kitu kisicho na uhai tabia za binadamu, wenzake waliandika jua linatabasamu na upepo unaimba. Yeye aliandika: "Jembe la baba halipendi nisome. Kila nikifungua daftari linaniita." Nilisoma sentensi ile mbele ya darasa mara mbili. Naye akainamisha kichwa kwenye dawati kama vile nimemwaibisha.

Jembe lile lilikuwa la kweli. Kabla ya mtihani wa moko, ule wa majaribio tuliokuwa tunautunga na kuusahihisha kwa pamoja shule kadhaa za jirani, baba yake alikuja ofisini kwa Mkuu wa Shule. Mimi nilikuwepo. Mzee Bukuru alivua kofia, akasalimia kwa kupiga makofi taratibu, magoti yamekunjwa, kama wanavyosalimia watu wa huko wenye adabu zao.

"Walimu wangu, mimi shule sikatai," alisema. "Lakini huyu mtoto amerudia, na mama yake anaumwa mgongo, shamba limenibaki peke yangu. Sasa nasema hivi. Akishinda hiyo moko yenu, basi, amalize, sitasema neno. Akifeli, shangazi yake yuko Kahama, amempatia kazi ya ndani. Anakwenda kabla ya mvua."

"Mzee, moko si mtihani wa mwisho," nikarukia. "Ni mazoezi tu!"

"Kwenu mazoezi, mwalimu. Kwangu ni msimu mzima."

Mkuu wa Shule alinikanyaga mguu chini ya meza ninyamaze. Mzee akavaa kofia yake, akatuaga vizuri, akaondoka.

Kuanzia siku hiyo sikutulia. Nilimfuata yule mtoto mpaka nikamchosha: saa ya chakula, baada ya vipindi, hata akiwa foleni ya bomba. Nilimwambia asiogope picha yoyote kwenye shairi. "Andika unachokijua, Odetha. Kisha nionyeshe mshororo unaokuunga mkono." Mshororo ni ule mstari wa shairi. Alikuwa akijibu, "Ndiyo, Madamu," kila mara, kwa sauti ile ile.

Usahihishaji ulifanyika kwenye shule moja Kasulu mjini, mwezi wa nane. Tulikaa kwenye meza ndefu, kila mtu na swali lake moja, karatasi zinapita mkono hadi mkono katika mafungu ya mjini na ya vijijini, zikiwa na namba tu bila majina. Mwenyekiti wa jopo, kwa maana ya kiongozi wa wasahihishaji wa somo letu, alikuwa mwalimu mkongwe wa kiume, mtu wa pwani, Mwislamu wa swala tano, aliyesema polepole hadi nikawa namalizia sentensi zake kichwani. Mimi nilipewa swali la nne. Lilikuwa na shairi lililotungwa na mwalimu wa shule mojawapo ambaye alikuwa ameshahama. Mshororo wa kwanza ulisema, "Mwenzangu ni kichuguu, kimya juani kakaa." Wa tatu ulisema, "Mvua ikija kuu, walio ndani hupaa." Wanafunzi waliulizwa: mshairi anamwona mwenzake ni mtu wa namna gani?

Mwongozo wa usahihishaji ulisema: mtu mkaidi, asiye na msaada kwa watu, shida ikimfika, wote humkimbia. Jibu lingine halikutajwa. Nikaanza kusoma karatasi. Shule za mjini ziliandika mkaidi. Lakini za vijijini, moja baada ya nyingine, ziliandika mtu mkimya mwenye mali ndani yake. Msimu ukifika, watu wote wanakula kwake. Mwongozo ulinitaka niwape sifuri wote. Katika rundo lile mahali fulani alikuwamo Odetha.

Nikasimama. "Mwenyekiti, mwongozo huu umekosea."

"Mwalimu, kaa kwanza."

"Siwezi kukaa."

"Hilo tunalijua," akasema, watu wakacheka. "Haya, sema umesimama."

Nikasema. Nikaeleza kumbikumbi, vyungu, majani ya migomba, kesi za wazee. Pembeni yangu alikuwepo kijana, Mwalimu Yohana, mzaliwa wa Kasulu vijijini, aliyekuwa anasahihisha swali la tano. Nikamgeukia: je, ninasema uongo? Akasugua kalamu yake, akajibu kwa shingo upande, "Ni kweli. Kwetu kichuguu ni mali." Nikamuuliza kwa nini alinyamaza tulipokuwa tunausoma mwongozo asubuhi. Akarudi kwenye karatasi zake za swali la tano.

"Basi nimekuelewa," Mwenyekiti alisema. "Tutaliongeza jibu hilo."

"Kuongeza hakutoshi. Hili la mkaidi lifutwe! Shairi limetungwa huku, linasomwa na watoto wa huku. Mtoto aliyeandika mkaidi hakuelewa kitu, amekariri."

"Nani amekwambia amekariri?"

"Nawafundisha. Nawajua."

Alivua miwani akaipangusa kwa muda uliotaka kuniua. "Mwalimu wangu, mtunzi hayupo tukamuuliza. Shairi linasema walio ndani hupaa. Wewe unaona wanapaa waje kuliwa. Mwingine anaona wanapaa wamemkimbia mwenye nyumba. Mshororo unawabeba wote wawili. Kila atakayetoa sababu ndani ya shairi apewe alama zake, aseme mali, aseme mkaidi. Wewe ndiye unayehubiri sababu kila siku, au siye?"

Nilibishana naye hadi wenzangu wakaanza kunong'ona kwamba chai inapoa. Nilimwambia anaogopa kuamua. Nilimwambia watu wa pwani hawajui hata kumbikumbi wanalika vipi. Hayo sikupaswa kumwambia mtu mzima mwenzangu, lakini nilishayasema. Hakukasirika. Akaandika jibu la pili chini ya lile la kwanza, akatia saini, akanirudishia mwongozo. Chai sikunywa. Nilisahihisha hadi jioni nimenuna, nikiwapa tiki walioandika mkaidi kwa kalamu nzito, kana kwamba wananidai.

Matokeo yalipotoka, Odetha alikuwa ameshinda, kwa kupenyapenya, lakini ameshinda. Kiswahili ndicho kilichomvusha, na ndani ya Kiswahili, Mkuu wa Shule aliniambia, swali la nne lilikuwa limembeba. Mzee Bukuru alitimiza neno lake. Nilitoka ofisini karibu nikimbie, nikamkuta Odetha anafagia mbele ya darasa.

"Unaona sasa?" nikamwambia. "Si nilikwambia uandike unachokijua! Kwa kile kichuguu mlikuwa mnyimwe alama, nikapigana mpaka wakakubali. Uliandikaje? Nisomee."

Akashika ufagio kwa mikono miwili. "Niliandika ni mtu mkaidi, Madamu. Shida ikimfika wote wanamkimbia. Nikaonyesha mshororo wa tatu."

Nilidhani ananitania. "Kwenu hakuna kichuguu?"

"Kipo. Kikubwa kuliko vyote vya upande wetu. Mwaka jana tuligawia mpaka jirani wa ng'ambo ya mto."

"Sasa, mwanangu?"

"Baba alisema nikifeli naondoka. Nikawaza, anayesahihisha ni mtu wa wapi? Sikumjua. Nikaona nisibahatishe." Kisha akaniangalia kwa mara ya kwanza, kwa huruma, kama vile mimi ndiye niliyekuwa nimefanya mtihani. "Ningejua ni wewe, Madamu, ningeandika chetu."

Nilikwenda nikasimama nyuma ya jiko la shule. Kama Mwenyekiti angekuwa mtu wa kusikiliza kelele, angefuta jibu la mkaidi kama nilivyotaka, na yule mtoto angepanda basi la Kahama kwa kalamu yangu mimi. Machozi yalinitoka kwa hasira kwanza, kisha kwa hofu, ingawa jambo lenyewe lilikuwa limeshapita salama.

Nilistaafu mwaka uliofuata, 2015. Odetha alikuwa kidato cha tatu, bado mkimya, bado anaandika kwa mwandiko mdogo. Kwenye hafla ya kuniaga nilipewa kitenge na jogoo, Mkuu wa Shule akahutubia kwamba sasa Kiguu na Njia ataketi. Watu walicheka sana, nami nikacheka. Nipo Singida sasa, na sijaketi. Naamka, nazunguka uani, nachungulia barabarani, naanza kazi hii naiacha naanza ile.

Mmeniomba niwaachie neno la kazi, na mngependa liwe la mbinu. Mbinu mtazikuta kwenye semina. Mimi kinachonitoa kitandani ni miaka yote ya nyuma, kabla ya Busunzu, kabla ya Nyakitonto, nilipokuwa nasahihisha rundo baada ya rundo la majibu mazuri na kwenda nyumbani nimefurahi. Ni wangapi walikuwa wamekaa pale na kitu chao, wanakijua vizuri, wakanitazama usoni, wakaamua kutoniambia?