Siku Niliyoshindwa Hata Kufilisika

Jamani, haya msiyafikishe Newala, maana kule bado wananiita tajiri, lakini mimi Baba Saidi niliwahi kuaibika mbele ya pilau langu mwenyewe mpaka nikatamani ardhi ipasuke.

Msimu ule nilikopa salfa ya kupulizia mikorosho kwa Mama Zuhura, muuza jumla wa hapa Masasi, nikawakopesha wakulima wa Chiwata, mvua ikanyesha wakati wa maua, korosho zikagoma, madeni yote yakabaki shingoni mwangu. Kila asubuhi mtu anakuja kuyakodolea macho mabati ya nyumba yangu. Wakili mmoja wa Mtwara akaniambia niombe mahakama initangaze nimefilisika, nipumue. Nikakubali mbio, kumbe kuna ada, na yeye mwenyewe anataka chake (yaani lazima uwe na hela ndipo uruhusiwe kusema huna hela).

Akili sikosi. Saidi wangu alikuwa anatoka jandoni, na kwetu mtoto akitoka watu humtunza, kila mmoja anaweka noti kwenye beseni, na mimi enzi za korosho nzuri nilitunza watoto wa watu kila kijiji. Nikasema leo zinarudi.

"Baba Saidi, hela za mtoto hizo," mke wangu akaniambia.

"Nitamrudishia," nikamjibu, kifua mbele.

Mama Zuhura nilimwalika, maana kumruka anayekudai, naye ni jirani, ni kujitangaza kwamba unamkimbia. Na ili kuokoa nauli ya Mtwara, nikamwambia wakili aje ale pilau, achukue chake hapohapo. Hapo ndipo nilipojichimbia kaburi.

Ngoma ikanoga, beseni likajaa, mimi nacheza mbele ya watu wote, mshereheshaji akaona mtu kavaa suti, akampa kipaza sauti. "Mheshimiwa, tupe neno!"

Wakili akasimama, kashiba. "Nawashukuruni sana. Kwa michango yenu, mteja wangu sasa ataweza kufungua shauri lake la kufilisika."

Ngoma ikanyamaza. Mimi mguu mmoja bado uko juu.

Mama Zuhura akaja mbele polepole. "Shikamoo, Mama," nikasema, nikiushusha mguu.

"Marahaba. Wewe Mmakonde unataka kunifilisikia mimi Myao? Mtani, hili nimechukua!" Akalibeba beseni, akalifunika kwa kanga. Watu wakapiga vigelegele, na mnajua mtani akichukua kitu shughulini huruhusiwi kununa, unacheka. Nikacheka huku machozi yananitoka.

"Basi, mtani, deni si limepungua?"

"Deni la dukani, beseni la utani." Kisha akageuka, akaliweka mapajani kwa Mama Saidi. "Mwenyewe ni mtoto. Na wewe kesho asubuhi dukani, magunia yanakungoja."

Wakili aliondoka na pilau lililofungwa kwenye mfuko. Niliona aibu, lakini usiku ule nilipomwona mwanangu amelikumbatia beseni lake usingizini, ndipo iliponiuma kweli. Hela ya mtoto siigusi tena, naapa.

Magunia nabeba mpaka leo, na kwa kubeba hakuna wa kunifikia Masasi nzima. Deni linapungua, mabati yako juu. Watu wakiniuliza kama nilifilisika nawaambia hapana, sikuwa na uwezo huo.