Dohani Mbili za Elwin

Aliyeyapa majina makazi ya kata ile hakuwahi kufika. Alikuwa karani wa reli, ameketi Chicago mbele ya ramani, na kila baada ya maili sita aliweka nukta na kuipa jina kwa kufuata alfabeti: Ardith, Belmer, Corvin, Dunmore, Elwin. Maili sita, kwa kuwa huo ndio urefu wa reli ambao genge la watu wanne na kiberenge chao wangeweza kuutunza. Msitu haukuulizwa. Ardith iliangukia juu ya mwamba, Corvin ndani ya kinamasi, na Elwin, ya mwisho, ng'ambo ya mto, mahali ambapo upepo wa Ziwa Superior hutua mzigo wake wote wa theluji.

Wafini ndio waliokuja kukaa kwenye nukta hizo, wakakata magogo, wakalaza mataruma, wakazaa. Nimekaa kando ya reli katika nchi kadhaa, na najua jinsi zinavyokufa: hupunguzwa treni moja, kisha nyingine, kisha siku moja anakuja mtu na mkasi wa chuma. Ile ya kata yetu iling'olewa mwaka 1979. Miaka mitatu baadaye Ardith lilikuwa rundo la mataruma, Corvin makaburi, na Dunmore ungeitambua kwa mboga zilizoendelea kuchipua kila masika mahali palipokuwa na majiko. Belmer ilibaki na duka na shule iliyogeuzwa ukumbi. Elwin ilibaki na nyumba mbili.

Ya upande wa kushoto wa tuta la reli ilikuwa ya Impi Kortesmaa, mjane wa mnyapara wa genge, umri wake miaka sabini na sita. Ya kulia ilikuwa ya Alfrid Maunula, aliyekuwa mtu wa nyundo katika genge hilohilo. Kati ya milango yao kulikuwa na hatua mia mbili. Nestor, mumewe Impi, alipokufa, Alfrid alichimba kaburi mwenyewe kwenye udongo ulioganda, akarudi nyumbani, na Jumamosi iliyofuata akawasha sauna yake, kibanda cha kuogea kwa mvuke wa mawe ya moto, na kumngoja Impi kama kawaida.

Huo ndio ulikuwa utaratibu wao. Sauna inakula kuni nyingi, kwa hiyo majirani hupokezana: Jumamosi hii kwako, Jumamosi ijayo kwangu. Kwanza anaingia mmoja, kisha mwingine, halafu kahawa na mkate mtamu wa iliki ambao wao huuita nisu. Impi na Alfrid walipokezana hivyo miaka arobaini. Walizungumza machache. Alfrid alikuwa mzito wa masikio na alichukia kwenda dukani, kwa hiyo Impi ndiye aliyemnunulia tumbaku.

Mwezi wa tisa wa mwaka 1982, binti yake Alfrid alikuja na gari kutoka Arizona, akamchukua baba yake kwa mapumziko ya wiki mbili. Mwezi wa kumi ikaja barua. Bahasha ilikuwa na mwandiko wa binti, lakini ndani maneno yalikuwa ya Alfrid, herufi zikitetemeka.

"Impi," aliandika, "huku hakuna theluji. Uani kuna mchungwa. Magoti yameacha kuuma. Sitarudi. Kuni nilizopasua ziko nyuma ya banda, zichukue zote. Mlango wa sauna unakwama, uinue kidogo kabla ya kuvuta."

Impi aliisoma akiwa amesimama. Kisha akaketi, maana alikumbuka habari ya barabara.

Kutoka darajani hadi Elwin barabara huzunguka kinamasi, maili tano. Baraza la kata lilikuwa na sheria ya siku nyingi: barabara ya ng'ambo ya daraja huzolewa theluji ikiwa tu ina kaya mbili au zaidi. Hakuna aliyekwenda kugonga milango. Kila mwaka dereva wa gari la kuzoa theluji hupita mwezi wa kumi na moja, huhesabu dohani zinazotoa moshi, hujaza kadi, na mwanzoni mwa mwezi wa kumi na mbili baraza huamua barabara zipi zizolewe. Dohani moja ilikuwa na maana moja: chumba katika nyumba za wazee mjini, ghorofa ya pili, dirisha linalotazama maegesho ya magari. Impi alikuwa amekiona. Alikwenda kumwona rafiki huko, akahesabu hatua za chumba kizima: kumi na moja.

Juma lililofuata alipokwenda dukani Belmer, Lyyli Ranta mwenye duka alimuuliza, "Na mzee wako wa ng'ambo ya tuta je, karudi?"

"Karudi," Impi akasema. "Nipe na tumbaku yake."

Tangu hapo akawa na kazi mpya. Kila asubuhi alivuka tuta, akawasha jiko la Alfrid, akakoleza mpaka dohani ikafuka vizuri. Alisafisha njia kutoka mlangoni hadi chooni, akaikanyagakanyaga kwa viatu vikubwa vya Alfrid. Siku za kufua alianika ovaroli zake, zikaganda kwenye kamba zikawa ngumu kama mbao. Jikoni kwa Alfrid kahawa ilichemka, na kwa kuwa imechemka, aliinywa palepale, kwenye kiti cha upande wa dirisha, akakiacha wazi kile cha karibu na jiko. Makopo ya tumbaku aliyapanga rafuni. Yalifika matano.

Na Jumamosi, ili jambo likamilike, aliwasha sauna yake na sauna ya Alfrid pia.

Waino Hietala alikuwa dereva wa gari la theluji kwa mwaka wa kumi na moja. Mtu mnene, mpole, mwenye kupenda habari. Theluji ilianza mapema mwaka ule, na Jumamosi tatu mfululizo alifika Elwin alasiri, akageuza gari mahali palipokuwa stesheni, akatazama. Jumamosi ya tatu aliingia dukani Belmer akiwa hajafungua hata koti.

"Lyyli, wale wazee wa Elwin wamegombana."

"Nani? Impi na Alfrid? Acha uongo wako!"

"Sauna mbili, Lyyli. Huku moshi, kule moshi. Jumamosi ya tatu hii."

Lyyli aliweka chini kisu cha kukatia jibini. Wateja wawili waliokuwa mlangoni wakarudi ndani.

"Sauna mbili," Lyyli akarudia. "Basi ni kubwa hilo. Utakuta kamposa."

"Alfrid? Yule hata 'habari za asubuhi' humtoka kwa shida!"

"Hao hao wanyamavu ndio wabaya. Miaka arobaini anakusanya maneno, siku akiyatoa yote kwa mpigo, mwanamke atakimbia."

Kwa siku tatu kata nzima haikuwa na habari nyingine. Wengine walisema Alfrid ametaka kuoa, wengine kwamba ametaka kuuza shamba kwa wawindaji wa Detroit. Mzee mmoja aliyewahi kukaa Ardith aliapa kwamba Alfrid tangu ujana alikuwa na kichwa kigumu na ulimi wa shubiri. Jumamosi iliyofuata Lyyli alifunga mikate miwili ya nisu kwa kitambaa, akampa Waino. "Mmoja wa yule, mmoja wa huyu. Uwakalishe meza moja. Na usirudi kuniambia hukupata nafasi."

Waino alimkuta Impi uani anapasua kuni.

"Mama Impi, shikamoo yako hiyo imetoka kwa Lyyli," alisema akimpa mkate mmoja. "Huu mwingine nampelekea mzee."

"Nipe, nitampa mimi."

"Hapana. Nimetumwa nimwone kwa macho."

"Yuko saunani."

"Basi nitamsugua mgongo."

"Waino, wewe! Mtu mzima hafuatwi saunani."

"Mama, mimi na Alfrid tumeshaogeshana mara ngapi?" Na alikuwa keshaanza kuvuka tuta, miguu ikizama hadi magotini. Impi akamfuata na shoka lake mkononi, maana alisahau kuliweka.

Mlango wa sauna ulikwama. Waino akavuta, akavuta tena.

"Uinue kidogo kwanza," Impi akasema nyuma yake.

Ukafunguka. Joto liliwapiga usoni. Benchi lilikuwa limeoshwa, ndoo imejaa maji, kata ya kumwagia mawe imelala juu ya ndoo. Taulo moja iliyokunjwa ilining'inia msumarini, kavu. Waino alitazama pembe zote nne, kana kwamba mtu wa kilo tisini angeweza kujificha humo.

"Yuko wapi?"

"Arizona."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa tisa. Harudi."

Waino aliketi kwenye benchi na koti lake zito, jasho likaanza kumtiririka. Impi alifunga mlango ili joto lisipotee, kwa mazoea tu, wakabaki ndani wawili, yeye amesimama na shoka.

"Zile ovaroli?"

"Mimi."

"Na njia ya chooni?"

"Mimi."

"Toba! Nikajiuliza mzee kapata wapi nguvu hizo." Akacheka, halafu akaacha. "Lakini sauna mbili, mama! Ungewasha moja tu nisingejua mpaka nife. Jumamosi hii huku, Jumamosi ijayo kule. Nani asiyejua mlivyokuwa mkifanya?"

"Niliwaza kama mwizi," Impi alisema. "Niliwaza, nyumba yenye mtu lazima ifuke Jumamosi. Nikasahau kuwaza kama jirani."

Waino alitoa kadi mfukoni. Ilikuwa imeanza kulowa kwa mvuke. "Sikia. Kadi inauliza moshi, haiulizi mtu. Moshi nimeona wa nyumba mbili, na mbili nitaandika. Kuanzia leo washa moja. Mimi nitawaambia kule dukani kwamba nimewapatanisha, basi, yameisha."

"Umetupatanisha?"

"Si wanadhani mmegombana. Lyyli anasema kakuposa ukamfukuza. Wengine wanasema alitaka kuuza shamba. Maneno mengi. Mzee wa Ardith anasema Alfrid ana ulimi wa shubiri."

"Alfrid?"

"Ndivyo wanavyosema."

Impi aliegemeza shoka ukutani. Alichukua kata, akachota maji, akayarudisha ndooni bila kuyamwaga popote.

"Miaka arobaini," alisema. "Mwaka ule nilipovunjika mkono alikuja kunikamulia ng'ombe asubuhi na jioni, miezi miwili. Siku ya mwisho alichoniambia ni 'ng'ombe huyu anapiga teke kwa mguu wa kushoto.' Hilo ndilo neno baya kuliko yote niliyowahi kuyasikia kwake."

"Nitawaambia mmepatana, mama."

"Aliyepatana ni aliyegombana, Waino. Hatukugombana."

Baraza lilikutana Jumanne ya kwanza ya mwezi wa kumi na mbili, saa nane mchana, katika ukumbi wa Belmer. Wajumbe watano walikaa nyuma ya madawati ya shule, magoti yamebanwa. Mimi nilikuwa nyuma pamoja na watu wengine ishirini hivi, waliokuja kwa ajili ya lile la posa. Kadi ya Waino ilisomwa: Elwin, moshi wa nyumba mbili. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno. Impi akasimama. Alikuwa amevaa koti la kanisani.

"Hatukugombana," alisema. "Alfrid Maunula hajagombana na mtu yeyote katika kata hii. Yuko Arizona kwa binti yake, magoti yamepona, na hatarudi. Moshi wake nilikuwa nawasha mimi. Waino hakudanganya, moshi aliuona. Ni hayo tu."

Hakuna aliyecheka. Lyyli alitazama mikono yake. Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Impi," alisema kwa upole, "unajua sheria inasemaje."

"Naijua. Nestor alikuwa kwenye kiti hicho ilipopitishwa."

Kura zilikuwa tatu kwa mbili. Gari la theluji lingeishia darajani.

Wote walidhani atahama kabla ya Krismasi, na Waino alijitolea kubeba vyombo. Impi akakataa. Barabara ni maili tano kwa sababu inazunguka kinamasi, alimwambia, lakini tuta la reli linakata katikati, maili mbili tu hadi darajani, limenyooka, wala halina mlima. Mumewe alilitunza kwa miaka ishirini na tisa, na mbao zake za kutelezea juu ya theluji zilikuwa bado ukutani. Mara moja kila wiki mbili, kukiwa hakuna upepo, tulimwona akitoka msituni kwenye mstari ule mweupe, doa dogo jeusi lisiloonekana kusogea, mpaka lilipofika darajani likawa Impi mwenye mkoba mgongoni. Kutoka hapo alipanda gari la Waino hadi Belmer, na Lyyli alimpimia kahawa na sukari. Mara ya kwanza mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye rafu ya tumbaku, ukasimama hapo.

"Hapana," Impi akasema. "Iliyopo inatosha."

Mwezi wa pili nilipanda na Waino kwenye gari lake siku ya Jumamosi. Baridi ilikuwa kali na anga tupu, siku ambayo moshi husimama wima kama nguzo. Darajani aligeuza gari, kisha akazima injini, jambo ambalo madereva wa theluji hawalifanyi. Akafungua dirisha, akatazama kando ya tuta hadi lilipoishia kwenye misonobari.

Kulikuwa na moshi mmoja tu. Nikatafuta wa pili, kwa mazoea.

"Wiki iliyopita ulikuwa kushoto," Waino akasema. Moshi ule ulipanda upande wa kulia wa tuta, mahali pasipo na mtu. Alipandisha kioo, akawasha injini. "Leo ni zamu ya Alfrid."