Foleni, dume nililolilea ndani ya nyumba

Wakuu, marahaba kwa mlioniamkia na kwa mnaosita. Mimi ni bibi wa Buhare, shule niliishia la pili, mtanivumilia. Ninayoandika niliyaona kwa macho yangu haya.

Kuna kijana humu ameuliza kama ukali wa mnyama ni damu au malezi.

Sikiliza, mjukuu wangu.

Miaka ile ya shida, hata sabuni ni kwa foleni, nilikuwaga Butiama. Mume wangu Magesa alishafariki. Binti zangu, Nyakaho na Nyabise, wameolewa Bunda. Nimebaki na ng'ombe mmoja, Nyamoto.

Siku moja niko foleni ya sabuni, Nyamoto akazaa, akafa. Narudi na kipande changu, nakuta ndama dume anatetemeka.

Nikamwita Foleni.

Nilimnywesha maziwa ya kuomba. Akalala ndani, karibu na mafiga. Jioni namsimulia habari zote, maana wa kumwambia hakuwepo mwingine.

Ng'ombe wenzake hakuwajua kabisa.

Alipoota pembe, mambo yakageuka. Mimi ananilamba mkono. Mwingine akiingia uani, anaparura ardhi. Akamrusha Bhoke, mke wa jirani yangu Wambura, mfupa wa bega ukavunjika.

Wambura alikuja na hasira. "Mama Nyakaho, dume lako linadhani wewe ndiye jike lake, na sisi ni madume wenzake!"

Watu walicheka. Mimi sikucheka.

Wakasema achinjwe. Nikaomba kwanza aje bwana mifugo, akamhasi kwa koleo. Tukangoja. Kuparura ardhi kukapungua, lakini kusukuma watu hakuacha.

Bwana mifugo akaniambia, "Damu nimeipoza, mama. Mazoea hayabanwi na koleo. Huyu hajui kama ni ng'ombe."

Wambura, huyo huyo mwenye mke aliyeumia, ndiye akasema, "Mlete zizini kwangu, wenzake wamfundishe. Ila wewe usije. Akikuona ataanza upya."

Walimfundisha kweli, kwa pembe. Nilikuwa namsikia anavyolia ng'ambo ya ua wa minyaa. Nikafunga mlango, nikakaa na bakuli lake la pumba mapajani.

Akatulia. Akavuta jembe la Wambura, hata Bhoke akawa anampita bila fimbo.

Maduka yalipoanza kujaa, sabuni za kila rangi, nilikutana na ng'ombe wa Wambura njiani wanatoka kunywa maji, Foleni akiwemo. Nikaita, "Foleni!"

Akatikisa sikio moja. Akapita na wenzake.

Nilifurahi, wakuu. Nikarudi nyumbani na furaha yangu, hakuna wa kumsimulia.

Kwa hiyo kijana, damu inawasha moto, malezi yanaupuliza au yanauzima. Na mnyama asilelewe peke yake na mtu aliye peke yake.

Wafugaji mlioko humu nijibuni kitu kimoja: lile sikio, alinikumbuka, au alikuwa anafukuza inzi tu?