Kompyuta Mgongoni

Juzi nilikuwa kwenye duka la kompyuta mjini Kasulu, nasubiri chaja yangu itengenezwe, alipoingia mama mmoja wa Heru Juu na binti yake anayekwenda chuo kikuu. Binti alikwenda moja kwa moja kwenye kompyuta mpakato yenye kioo kikubwa.

Mwenye duka akauliza, "Mama, tumwekee Windows au Linux?"

"Wenzake huko chuoni wanatumia ipi?"

"Wengi Windows."

"Basi mwekee hiyo. Akikwama apate wa kumwuliza."

Nimesoma makala ndefu za wataalamu kuhusu jambo hili, na sikumbuki kama kuna aliyeuliza hivyo.

Kisha mama akainama, akaiweka ile kompyuta mgongoni, akaifunga kwa kitenge na kutembea hadi mlangoni. Akarudi akitikisa kichwa. "Hii itamchosha. Nipe ile ndogo." Ile ndogo nayo akaifunga, akatembea, akairusharusha kidogo kama anayebembeleza mtoto. "Hii inakaa."

Binti alicheka hadi akafunika uso. "Mama, ina begi lake."

"Najua. Hata wewe nilikutoa hospitali Kabanga hivi hivi."

Binti akaacha kucheka.

Mwenye duka alipomaliza kuweka Windows, binti alinyoosha mikono apokee kompyuta yake. Mama akampa begi tupu, kompyuta akaifunga tena mgongoni.

"Utaibeba ukifika huko," alisema, akatangulia kutafuta bodaboda.