Mtoto kasema haonewi, nikaambiwa niifunge kesi

Hivi mtoto akisema haonewi, mimi ni nani wa kusema anaonewa?

Wakuu, heshima kwenu. Hilo ndilo swali lililoninyima usingizi. Majina nimebadilisha, mengine ndivyo yalivyokuwa.

Mimi ni binti, nimemaliza chuo majuzi, digrii ya ustawi wa jamii. Nikapata kazi hapa Unguja, upande wa watoto. Kabla ya kuanza tulipewa training Tunguu. Ukumbi una AC, chakula kizuri, tukaigiza: huyu mtoto, huyu afisa. "Zungumza na mtoto faragha." Nikaandika, nikapigia mstari.

Kesi yangu ya kwanza ilikuwa Mbweni. Jirani alileta taarifa kwamba Rukia, yatima wa miaka tisa anayelelewa na mjomba wake, anapigwa na haendi skuli.

Huku kwetu huingii nyumba ya mtu hivi hivi. Unapita kwa sheha, kiongozi wa mtaa, naye ndiye anayekupeleka. Tukakaribishwa sebuleni, ikaletwa juisi ya ukwaju. Mjomba akaita:

"Rukia!"

"Naam!"

"Njoo umwamkie mgeni."

Akaniamkia. Nikamuuliza mbele ya wote kama kuna mtu anamwonea. Akajibu kabla sijamaliza: "Sionewi."

Mjomba akacheka. "Umemsikia mwenyewe."

Sheha naye, mtu mzima, mpole: "Basi mwanangu, ifunge. Ya nyumbani humalizwa nyumbani."

Sasa hiyo faragha ningeiombaje? Nshakunywa juisi ya mtu, halafu nimwambie anipishe niongee na mtoto wake? Training haikufika huko.

Nikaondoka. Kichwa kikaanza.

Labda ana haya tu. Labda jirani ana fitina. Labda mimi ndiye ninayeona visivyokuwepo, maana hata mtu akinijibu "sawa" kwenye simu nnashinda nikiwaza nimemkosea nini.

Lakini kwa nini alijibu kabla sijamaliza?

Mkuu wangu wa kitengo ni Bi Salma. Nikaandika mesej, nikafuta. Nikaandika, nikafuta. Niliogopa ataona wameajiri mtu asiyejua kazi. Mwisho nikapiga, huku nikiomba asipokee.

Akapokea. Nikamwaga yote.

"We mtoto, digrii uliisomea au uliiokota sokoni Darajani?" Akacheka. Nikataka kukata simu. Kisha akasema, "Haya, wewe umeona nini?"

Hakunipa jibu. Aliniuliza tu, hili na lile, mpaka nikajisikia nikisema mwenyewe: mtoto sijazungumza naye bado. Aliyejibu siku ile ni mjomba, kwa mdomo wa mtoto.

"Kesho twende sote," akasema.

Tukapita tena kwa sheha. Pale sebuleni Bi Salma akaanza kuulizia ukoo: mjomba kwao wapi, mama yake nani, nani kaolewa Makunduchi. Mnatujua Wazanzibari, hapo hakuna mwisho. Mimi nikaomba nikamsaidie Rukia uani, alikokuwa akikuna nazi.

Nikakalia mbuzi nyingine. Sikumuuliza kitu.

"Dada, unakuna mpaka kifuu!" Akacheka, nikacheka. Tukaendelea. Kisha, bila kunitazama, akasema:

"Juzi mlipoondoka nililazwa stoo. Mjomba kasema mimi ndiye nnayeleta watu."

Ziara yangu ndiyo iliyompeleka stoo.

Nikamwita Bi Salma kando. "Kesi yako hii," akasema. "Unasemaje?"

Nisimame kidogo hapa, maana najua wengine mkisoma huishia njiani. Nilichojifunza ni kwamba training ya ukumbini haitoshi. Unahitaji mtu wa kumpigia siku ya pili yake, ukishakwama. Sasa nimeomba tukae kila wiki kuzijadili kesi, na tumeanza. Walimu, manesi, maafisa wenzangu, nyinyi mkikwama mnampigia nani? Semeni hapa chini, hata mkinicheka.

Nilimjibu Bi Salma hivi: "Rukia halali hapa leo."

Bi Salma akampigia simu bibi yake Rukia mzaa baba, ambaye habari zake alizipata kwenye yale maulizo ya ukoo, kwamba siku zote alikuwa akimtaka mjukuu wake. Mimi nikarudi sebuleni, nikamwambia mjomba mwenyewe kwamba mtoto anaondoka mpaka uchunguzi uishe. Akafoka. Sheha akamwambia Rukia akusanye nguo zake.

Kabla ya magharibi tulikuwa Fumba, tunapiga hodi kwa bibi yake.