Salma Alipojaribu Linux

Juzi mwanangu alichomeka flashi ili ajaribu Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, nami nikashindwa kukaa kitako. Nilikumbuka alasiri moja kwetu Wete, uani kukinuka karafuu mbichi. Dada yangu Salma alikuwa akiijaribu Linux kwenye kompyuta ya Baba, iliyohifadhi sauti ya marehemu Bibi akisoma maulidi. Sura ya zamani ya skrini ilipotoweka, nilidhani na Bibi ametoweka nayo. Nikawa naenda mlangoni na kurudi, nikisikilizia hatua za makubadhi ya Baba.

"Dada, umemfuta Bibi?"

"Sijafuta kitu. Hii inaendeshwa kwenye flashi tu, haigusi vilivyomo kwenye kompyuta."

Leo najua alisema kweli. Siku ile sikumwamini. Baba akaingia. Salma akafungua faili haraka, na sauti ya Bibi ikajaa chumbani. Nilitaka aizime kabla Baba hajakasirika.

Baba akaketi taratibu. "Mwache," akasema. "Mwache asome mpaka amalize."